Christen Kold, Mwalimu wa Vijana Wakulima

Katika sharika zetu wako vijana wengi ambao shule imewaacha, au wao wameiacha shule. Mmoja hakushinda mtihani, wa pili baba yake alikosa ada, wa tatu alipelekwa kuchunga ng'ombe, na binti mwingine alichukua mimba akarudi nyumbani kwa mama yake. Tukiulizwa watu hawa wafundishwe nini, na nani, tena mahali gani, twasita kujibu. Watu wa Tanzania wanavijua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 kwa msaada wa nchi ya Sweden, navyo sasa ni zaidi ya 50. Humo kijana hujifunza useremala, uashi, ushonaji au kilimo, hata kama hakufika mbali katika darasa. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa mfano wa vyuo hivyo ulitoka vijijini kwa Walutheri wa kaskazini ya Ulaya, na ya kuwa asili yake hasa ni nchi ya Denmark, zamani ilipokuwa nchi ya wakulima maskini.

Wawili ndio wanaotajwa kwanza katika kazi hiyo. Mmoja ni Mchungaji Grundtvig, aliyezaliwa mwaka 1783, mtunga nyimbo mkuu wa Kanisa la Denmark. Yeye ndiye aliyewaza habari ya shule ya namna hii. Wa pili ni Christen Kold, mtoto wa fundi viatu. Yeye alichukua wazo hilo akalitia ndani ya nyumba ya kuezekwa kwa majani, akakaa nalo humo pamoja na vijana kumi na watano. Sifa za Grundtvig zimeenea sana. Mwezi huu twasimulia habari za Kold.

Alizaliwa tarehe 29 Machi 1816 katika Thisted, mji mdogo ulio kaskazini ya Denmark, kando ya maji ya Limfjord, mahali pa upepo mwingi. Siku zile nchi ilikuwa katika dhiki. Ilikuwa imeshindwa vitani, hazina ya serikali ilifilisika mwaka 1813, na mwaka uliofuata nchi ya Norway ikaondolewa katika ufalme wake. Tena yafaa kukumbuka ya kuwa wakulima wa Denmark hawakuwa wamezoea uhuru. Katika siku za babu zao kijana mkulima hakuwa na ruhusa ya kuhama shamba la bwana wake, mpaka sheria ya mwaka 1788 ilipoanza kuwafungua. Kwa hiyo watu wazima wengi walikuwa bado na tabia ya kuinama mbele ya wakubwa na kunyamaza, ijapokuwa kamba ilikwisha kukatwa.

Baba yake Kold alitaka mtoto wake ashike kazi ya viatu, lakini mikono ya kijana haikuiweza. Mama yake alikuwa mwanamke mwenye hadithi, naye aliwatuliza watoto wake kwa kuwasimulia. Na mtu akisoma maisha ya Kold ataona ya kuwa alichota kwa mama yake kuliko alivyochota katika chuo cho chote. Ilipoonekana hana mkono wa ufundi, akaelekezwa kwenye ualimu. Alipokuwa bado kijana mdogo akafundisha watoto katika nyumba za watu, na mwaka 1834 akaingia chuo cha walimu cha Snedsted, karibu na kwao.

Wakati ule ulikuwa wakati wa uamsho katika vijiji vya Denmark. Wakulima walikuwa wakikutana nyumbani kwa nyumba wakisoma na kuimba na kuomba. Mhubiri mmoja aliyekuwa mkulima, jina lake Peder Larsen Skræppenborg, alipita akihubiri, na Kold akamsikia. Mpaka siku ile alikuwa amemjua Mungu kama hakimu mwenye fimbo. Sasa akafahamu ya kuwa Mungu ampenda. Jambo hili lilimgeuza kabisa. Furaha ikamjaa, hata asiweze kufundisha tena kama alivyofundishwa yeye. Nalo ndilo lililomtia matatani.

Maana shule za Denmark zilikuwaje? Sheria ya mwaka 1814 ilikuwa imeamuru watoto wote wafundishwe, maskini na matajiri, muda wa miaka saba hata kipaimara. Ilikuwa sheria njema, tena ya mbele kuliko za nchi nyingi za Ulaya. Lakini ndani ya shule kazi kubwa ilikuwa kukariri. Kilikuwako kitabu cha mafundisho ya dini cha Askofu Balle, kilichotolewa mwaka 1791, nacho watoto walipaswa kukijua kwa ghibu, sura kwa sura. Aliyeyashika maneno alisifiwa, ingawa hakujua maana yake. Asiyeyashika alilia, na mara nyingi alipigwa. Mtoto alipokwisha kupata kipaimara alikitupa kitabu, akaenda shambani, wala hakutaka kuona kitabu tena maisha yake yote. Shule ilikuwa imemwachisha elimu kwa kumpa elimu.

Kold alipofundisha aliona jambo moja. Watoto walioshindwa kukariri kurasa mbili waliweza kurudia habari za Ibrahimu na Yusufu na Daudi pasipo kukosa, kama alikuwa amewasimulia kwa kinywa chake mwenyewe. Basi akaacha kuwakaririsha. Akawasimulia, wakamsikiliza. Wazazi wengine walifurahi, hasa wale walioguswa na uamsho. Lakini wakubwa wa kanisa ndio waliokuwa wasimamizi wa shule siku zile, nao hawakukubali. Alipokuwa katika Forballum, upande wa magharibi wa Schleswig, watu walimtaka awe mwalimu wa watoto wao. Lakini kwa kuwa alikataa kuwakaririsha watoto kitabu, hakuidhinishwa.

Hapa nataka kusema neno, lisije likafahamika vibaya. Luther mwenyewe aliiandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 ili ikae kinywani mwa watoto, baada ya kuzunguka sharika na kuuona ujinga uliokuwamo. Kushika neno jema moyoni si kosa, na wazee wetu wasiojua kusoma waliishi kwa maneno waliyoyashika hivyo. Nadhani Kold katika ukali wake alipita kiasi mara nyingine. Lakini katika jambo kubwa alikuwa na haki: mtoto aliyelishwa maneno asiyoyatafuna huyachukia, na kisha humchukia pia yule aliyempa.

Katika Forballum alianza pia kazi nyingine, ambayo yeye mwenyewe hakuijua bado ukubwa wake. Jioni aliwakusanya vijana waliomaliza shule, watumishi wa mashamba na watoto wa wakulima, akawasomea vitabu vya Ingemann vyenye habari za wafalme wa kale wa Denmark, wakazungumza juu yake. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Vijana waliokimbia vitabu wakarudi kwa hiari yao kusikiliza kitabu.

Walakini riziki yake ilikuwa haba na mlango wa shule umefungwa. Mwaka 1842 akafuatana na mmisionari mmoja wa Denmark kwenda Smyrna, katika nchi ya Waturuki, akiwa mtumishi wa nyumba yake. Hawakupatana, wakaachana, na Kold akakaa katika mji ule akijipatia chakula kwa kazi ya kujalidi vitabu. Alikaa ugenini miaka mitano. Mwaka 1847 akapanda meli mpaka Trieste. Alipofika bara hakupanda gari. Alinunua mkokoteni mdogo, akatia vyombo vyake, akaushika mwenyewe kwa mikono, akaenda kwa miguu kupita milima ya Austria na nchi za Wajerumani mpaka kwao Thisted, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja. Mtu huyu hakuwa mwepesi wa kutumia fedha, wala hakuona haya kuonekana na watu barabarani akivuta mzigo wake. Tabia hizo mbili zilimfaa sana baadaye.

Alipofika alikuta nchi inageuka. Mwaka 1849 mfalme alitia sahihi katiba mpya, na kwa mara ya kwanza wakulima wakapewa sauti ya kuchagua wajumbe wa bunge. Swali likawa kubwa: mtu aliyezoea kunyamaza atatawalaje? Grundtvig alikuwa ameliona swali hilo tangu zamani. Alisema na kuandika mara nyingi ya kuwa vijana wa watu wa kawaida wahitaji shule yao wenyewe, isiyofundisha Kilatini wala isiyotoa vyeo, bali inayowafundisha kwa lugha ya mama zao habari za nchi yao na za maisha ya mwanadamu, kwa neno la kinywa, na kwa maswali na majibu. Shule ya kwanza ya namna hii ilikuwa imefunguliwa mwaka 1844 katika Rødding. Lakini Kold alitaka shule iliyo chini zaidi, karibu zaidi na zizi la ng'ombe.

Alikuwa wakati ule katika kijiji cha Ryslinge, kisiwani Funen, akiwafundisha watoto wa Mchungaji Birkedal. Akaenda Copenhagen kumwona Grundtvig, naye akamsaidia kukusanya fedha kwa rafiki zake. Wao wawili walikosana katika neno moja. Kold alitaka kuwachukua vijana mara baada ya kipaimara, walio wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, kabla moyo haujawa mgumu. Grundtvig akashika ya kuwa wawe wa miaka kumi na minane au zaidi, kwa sababu mtoto hawezi kuuliza maswali ya maisha asiyoyaishi bado. Kold alifuata njia yake kwanza, kisha kazi yenyewe ikamfundisha ya kuwa mzee alisema kweli. Na ilikuwa kweli: kijana aliyekwisha kushika jembe miaka minne, aliyeajiriwa na kudhulumiwa na pengine kupenda, alisikiliza kwa masikio mengine kabisa.

Mwezi wa Novemba 1851 shule ya Ryslinge ikafunguliwa. Wanafunzi walikuwa kumi na watano. Nyumba ilikuwa nyumba ya kijijini kama nyumba nyingine zote, na Kold akataka iwe hivyo. Yeye na mwalimu mwenziwe Anders Poulsen Dal walilala darini pamoja na wanafunzi, wakala nao mezani chakula kile kile. Alivaa nguo za sufu zilizofumwa nyumbani, kama wakulima. Ada aliiweka chini, ili hata mtoto wa mtu mdogo aweze kuja. Na kwa kuwa alijua kushika fedha, shule haikuanguka, ingawa shule nyingine zilizokuwa na majengo mazuri zilitaabika kwa madeni. Sababu ya kuishi hivyo haikuwa ubahili tu. Aliona ya kuwa kijana akikaa miezi mitano katika nyumba kubwa, akila vyakula vya mjini, atarudi kwa baba yake akiidharau meza ya baba yake. Shule ya namna hiyo humnyang'anya mkulima mtoto wake huku ikijisifu ya kuwa imemwelimisha. Yeye alitaka waondoke kwake wakiwa wakulima, ila wakulima walioamka.

Vijana wanaume walikuja wakati wa baridi, tangu Novemba hata Machi, shamba linapolala. Wakati wa kulima ulipofika, shule ikafungwa wakaenda kulima. Wengi wetu hupanga masomo kwa kalenda ya ofisi, kisha tukashangaa kwamba madarasa ni matupu siku za mavuno.

Na masomo yalikuwa nini? Waliandika, walihesabu, walisoma. Lakini moyo wa shule ulikuwa saa zile Kold aliposimama au kuketi mbele yao akasimulia: habari za Biblia, za mataifa, za Denmark ya kale, na mambo aliyoyaona mwenyewe njiani na katika nchi za Waturuki. Waliomsikia walishuhudia ya kuwa hakuwa na sauti ya mhubiri mkubwa. Alisema kama mtu asemavyo jikoni, mara ya kuchekesha, mara ya kuchoma. Waliimba sana. Hapakuwa na mtihani mwishoni, wala karatasi ya kuonyesha.

Basi wazazi waliuliza, kama wangeuliza wetu: faida yake ni ipi, ikiwa kijana harudi na cheti? Inasimuliwa ya kuwa Kold, alipoulizwa anataka kuwafanyia nini wanafunzi wake, alitoa saa yake mfukoni, akaeleza ya kuwa ataka kuwatia ufunguo hata wasisimame tena. Tena inasimuliwa ya kuwa kijana mmoja alimwendea kwa huzuni, akaungama ya kuwa anapenda sana masimulizi yake lakini hawezi kuyakumbuka. Kold akamtuliza kwa mfano wa shamba. Mtu akifukia mabomba ya udongo ya kutoa maji shambani, alimweleza, hana budi kuweka alama juu ya nchi, la sivyo hatayaona tena. Lakini akipanda ngano haweki alama, maana ngano itachipuka yenyewe. Mfano huu haukutoka katika kitabu cho chote cha walimu. Kijana aliyeusikia alikuwa amechimba mitaro ya mabomba hayo kwa mikono yake, naye aliufahamu mara moja.

Mwaka 1852 Kold alianzisha pia shule ya watoto katika Dalby, karibu na Kerteminde, isiyokuwa chini ya amri ya kukariri. Hii inahesabiwa kuwa ya kwanza ya shule huru za Denmark, ambazo wazazi wenyewe huziendesha. Mwaka 1855 sheria ilitoka kuwapa wazazi haki ya kuwafundisha watoto wao nje ya shule ya serikali. Shule ya vijana nayo akaihamishia Dalby, na mwaka 1862 akajenga mahali papana zaidi katika Dalum, karibu na mji wa Odense. Mwaka uliofuata akafanya neno ambalo wengi hawakulitazamia: akawaita wasichana. Wao walikuja wakati wa kiangazi, miezi mitatu, wakasikiliza masimulizi yale yale waliyosikiliza kaka zao. Watu walicheka, wakauliza binti wa mkulima, aliye wa kukamua ng'ombe, ana kazi gani na habari za mataifa. Kold hakujibu kwa maneno mengi, akaendelea kuwapokea.

Hakuwa mtu mpole siku zote. Alikuwa mkaidi, mwenye kejeli, na aliwaudhi wasomi kwa kuwaonyesha kama watu wasiojua kuzungumza na mtu. Hakuandika sana. Kitabu kidogo juu ya shule ya watoto alichokiandika mwaka 1850 kilipigwa chapa mwaka 1877, yeye amekwisha kufa. Kazi yake ilikaa katika watu.

Mwaka 1864 Denmark ilishindwa tena vitani, ikapoteza Schleswig pamoja na Holstein, sehemu kubwa ya nchi. Wakati wa huzuni ile shule za mfano wa Rødding na Ryslinge ziliongezeka upesi, kisiwa kwa kisiwa, kwa kuwa watu waliona ya kuwa kilichopotea nje lazima kitafutwe ndani. Kisha katika miaka iliyofuata 1870 ngano ya bei rahisi kutoka Marekani na Urusi ilimiminika Ulaya, na bei ikaanguka. Katika nchi nyingine wakulima waliililia serikali ipandishe ushuru. Katika Denmark waligeuka, wakaacha kutegemea kuuza nafaka, wakafuga ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Na mwaka 1882 wakulima wa Hjedding, huko magharibi, wakaanzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika, kila mtu akileta maziwa yake, mwenye ng'ombe wengi na mwenye ng'ombe wawili. Viwanda vya namna hiyo vikaenea nchi nzima. Hatusemi ya kuwa shule za vijana peke yake ndizo zilizofanya hayo, maana yalikuwako mambo mengine mengi. Lakini wengi walioketi katika halmashauri za vyama vile walikuwa wameketi kwanza katika mabenchi ya shule hizi, wakajifunza humo kusema mbele ya watu, na kumsikiliza mwenzao bila kumwogopa. Mmoja wa waliowashwa na moto wa Kold ni Klaus Berntsen, aliyekuwa mwalimu wa shule huru kijijini. Mwaka 1910 akawa waziri mkuu wa Denmark.

Kold hakuyaona hayo. Alikufa katika Dalum tarehe 6 Aprili 1870, umri wake miaka 54, majuma machache baada ya vijana wa wakati wa baridi kuondoka kwenda kulima, na kabla wasichana wa kiangazi hawajafika. Grundtvig, aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka thelathini, alibaki hai nyuma yake miaka miwili.